Siku Niliyomrukisha Mkwe Wangu kwa Kiingereza

Jamani, hili la leo sijawahi kulisimulia kwa mdomo wangu. Wamelisimulia wengine, kila mmoja na chumvi yake, mpaka nimesikia huko Tandahimba watu wanasema mimi nilivunjika mguu na afisa elimu kata akazimia, mambo ambayo hayakutokea kabisa. Kilichotokea ni kibaya zaidi. Mimi, mwalimu mzima, mwenye mke na watoto wawili na miaka kumi na minne kazini, nilimwita mama mkwe wangu mbele ya wazazi wa kijiji kizima, nikamrukisha kama mtoto wa chekechea, nikamgusisha pua, nikamgusisha masikio, nikamzungusha, halafu nikampiga mgongoni kibao cha pongezi. Mpaka leo nikienda dukani kununua sukari kuna vijana hawanisalimii kwa mdomo, wanaruka juu mara moja halafu wanaendelea na mazungumzo yao.

Na chanzo ni wivu. Sitafuti maneno mengine, wala sitasema ni shetani, maana shetani siku ile alikuwa zake kwingine, nilijitosheleza mwenyewe.

Wivu huo ulikuwa na jina, uliitwa Mwalimu Lukas. Alikuja shuleni kwetu mwanzo wa mwaka, kijana wa Kimakua kutoka Lupaso, kule Masasi, mrefu, mwembamba, mpole, amebeba begi moja la nguo na viroba vitatu vya takataka. Nasema takataka kwa sababu ndivyo nilivyoona mimi: vizibo vya soda, maboksi ya sabuni, vijiti, kamba, na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Mwalimu Mkuu akampa Kiingereza cha darasa la pili, mimi nikabaki na la tatu kama kawaida, na katikati yetu kulikuwa na ukuta tu, tena ukuta usiofika juu (shule zetu mnazijua), kwa hiyo kila akisemacho kule nakisikia huku.

Wiki ya pili tu yule kijana akawa ameshakata yale maboksi kuwa samaki, kila samaki kabanwa kibanio cha karatasi mdomoni na ubavuni ameandikwa neno la Kiingereza, halafu akafunga sumaku kwenye kamba na kamba kwenye kijiti, watoto wanavua. Mtoto akivua samaki aliyeandikwa "goat", lazima alie kama mbuzi ndipo apewe samaki wake. Akivua "hen", atetee. Basi mimi huku nimesimama na chaki yangu nasema "This is a window", watoto wangu wanaitikia "This is a window", na ukutani unaingia mlio wa mbuzi arobaini. Nikigeuka kuandika ubaoni, nusu ya darasa langu masikio yako kule.

Msimu wa korosho ulipofika akazidisha. Akawaambia watoto waokote mabibo, yale matunda ya mkorosho, njiani, akaweka vikapu viwili mbele ya darasa, mekundu huku na ya njano kule, mtoto anakimbia na bibo lake anapaza sauti "Red!" au "Yellow!" na kulitia panapostahili, na kipindi kikiisha wanakula somo lote. Sasa niambieni, mimi na kipande changu cha chaki ningeshindanaje na somo linaloliwa?

Ila mchezo walioupenda kuliko yote ulikuwa ule wa kufuata. Mwalimu anasema neno na kulifanya, nao wanamfuata: akisema "Sit down" anakaa, wanakaa, akisema "Turn around" anazunguka, wanazunguka. Sharti lilikuwa moja, anachofanya mwalimu nao wafanye hapohapo, na wa mwisho ndiye aliyeshindwa. (Lishikeni sharti hilo, lilikuja kuniponza.)

Nilimwonea wivu yule kijana mpaka chakula kikawa hakishuki vizuri. Ofisini nikawa nasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba shule si ngoma, kwamba watoto wa leo wanacheza, wakimaliza darasa la saba hawajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza. Yeye anatabasamu tu. Asubuhi ananiwahi, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia "Marahaba" bila kuinua macho, naye anaongeza, "Mwalimu, samaki wale ukiwahitaji chukua tu, ni wetu sote." Adabu yake ndiyo iliyonimaliza. Mtu akiwa na kiburi angalau unapata pa kumshikia, kwa huyu hukuwa na pa kumshikia.

Siku moja watoto walipokwisha kwenda nyumbani niliingia darasani kwake, nikafungua kile kiroba, nikamwiba samaki mmoja. Nakiri. Samaki wa "cow". Nikamtia mfukoni nikaenda zangu, na kesho yake Lukas akakata mwingine, mzuri zaidi, akampaka na rangi. Mpaka leo anadhani ni panya.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa sababu binti yangu Shani alikuwa darasa la pili, yaani mwanafunzi wake. Mtoto wangu wa kumzaa anarudi shuleni anaimba habari za Mwalimu Lukas kuanzia mlangoni mpaka jikoni, na mama yake anacheka, na siku tatu baadaye namsikia mke wangu anaosha vyombo huku anaimba "head and nose, head and nose" kwa lafudhi ya Lupaso. Nikamwambia, Mama Shani, hiyo nayo ni nini? Akanijibu, "Si Kiingereza, Baba Shani? Mbona chako hakiimbiki?" Usiku ule nililala nimegeukia ukutani.

Sasa Mwalimu Mkuu akatuita. Akasema mwakani Kiingereza cha darasa la kwanza mpaka la tatu kitakuwa na mwalimu mmoja, ili watoto wasichanganyikiwe, na kwa kuwa siku ya wazazi inakuja na afisa elimu kata atakuwepo, basi mimi na Lukas kila mmoja atafundisha dakika ishirini mbele ya wageni na watoto wetu wa madarasa yote mawili wakiwa pamoja, halafu yeye na afisa huyo wataamua nani apewe. Kiingereza cha watoto kilikuwa changu miaka kumi na minne, kijiji kizima wananiita Tichaa kwa sababu hiyo, na sasa napewa dakika ishirini nijitetee mbele ya mtu mwenye sumaku ya redio.

Hapa sina budi kuwaeleza jambo moja wale ambao si wa huku. Kwetu Newala, mwanamume na mama wa mkewe hawachezi pamoja. Ukimwona anakuja njiani, wewe unaacha njia unaingia mikoroshoni mpaka apite. Akija nyumbani kwako, unatokea mlango wa nyuma. Kumsalimia unamsalimia umeinamisha macho au uko upande wa pili wa ukuta, naye anajibu kajifunika kanga mpaka puani. Kula naye, kupeana mikono naye, kumtaja jina lake, hayo hayasemwi hata kwa mzaha. Wengine siku hizi wamelegeza, wanapiga nao simu za picha. Mimi sikulegeza, nilikuwa na sifa nzuri ya heshima kwa wakwe zangu wote wa Chilangala, na nilijivunia.

Na matokeo ya heshima yote ile ni kwamba baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, sura ya mama mkwe wangu nilikuwa siijui, wala yeye yangu. Msicheke. Nilijua sauti yake ya chinichini ya nyuma ya ukuta, nilijua kanga zake zinapoanikwa, na nilijua miguu yake, maana kwa mtu anayetazama chini miaka kumi na moja kitu anachokiona ni miguu. Dole gumba la kushoto halina ukucha, jembe lilimkata zamani. Ningeletewa miguu mia moja ningeitoa ya mkwe wangu bila kukosea, ila sura, hapana.

Asubuhi ya siku ya wazazi nilikuwa napiga pasi shati huku narudia somo langu kwa sauti, na mke wangu akawa ananiambia jambo kutoka uani. Nilimsikia sauti, maneno sikuyasikia. Nikaitikia "Sawa, mama." Akasema tena, "Umenisikia lakini?" Nikasema nimesikia. Akaondoka kwenda shuleni kuungana na wanawake waliokuwa wanapika chakula cha wageni nyuma ya madarasa.

Tulitumia darasa la saba, ndilo kubwa. Mbele watoto sakafuni, nyuma wazazi kwenye madawati, wageni pembeni kwenye viti vyenye vitambaa. Lukas akaanza. Sina la kusema. Samaki walivuliwa, mbuzi wakalia, kuku wakatetea, halafu akamaliza na ule mchezo wake wa kufuata, watoto themanini wanakaa wanasimama kama wamefungwa kamba moja, na afisa elimu kata, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, anafuta machozi kwa kicheko. Wazazi wanapiga vigelegele. Shani wangu mstari wa mbele, uso umewaka, anamtazama Lukas kwa macho ambayo (niseme ukweli) hajapata kunitazama mimi darasani hata siku moja.

Nikaitwa. Nikasimama na somo langu nililoliandaa wiki mbili, habari za "this" na "that", nikaliangalia, nikawaangalia watu, nikaona kabisa nikilitoa hili nimekwisha. Hapo ndipo nikafanya uamuzi mmoja mdogo. Nikajiambia, kama yeye kawarusha watoto, mimi nitawarusha wazazi. Nitamshinda kwa mchezo wake mwenyewe.

"Wazazi wangu," nikasema, "leo hakuna wa kutazama tu. Leo na nyinyi mnasoma! Stand up!"

Basi wakasimama, madawati yanalia, watu wanacheka, wanawake wanakaza kanga. Nikasema "Sit down", wakakaa. "Touch your nose", nikashika pua, nao wakashika pua, mpaka Mwalimu Mkuu kashika pua yake. Nikamtupia jicho Lukas pale mlangoni, naye anapiga makofi kwa moyo mmoja, mjinga yule. Nikahisi utamu wa ajabu. Nikajua nimempata.

Wakati huohuo, kumbe mlango wa nyuma ulifunguliwa na mama mmoja mtu mzima akaingia kwa kuchelewa, na kwa kuwa ni mtu mzima akapishwa mpaka dawati la kwanza nyuma ya watoto. Nilimwona pale kwa mara ya kwanza. Mama mfupi, mnene kiasi, macho maangavu, na jamani, alikuwa na kipaji. Nikisema neno yeye ndiye wa kwanza. Nikishika sikio, la kwake limeshashikwa. Kanga ya kichwani imemdondokea mabegani kwa kucheka wala hana habari nayo. Nikawaza, huyu ndiye atakayenipa ushindi, Lukas ana watoto, mimi nitawaonyesha bibi anayejua Kiingereza kwa dakika tano.

"Bibi, njoo hapa mbele!" nikaita.

"Mie?" akasema kwa lafudhi ya Kimakonde. "Nwalimu, ntanichosha mie mtu nzima!"

"Njoo bibi, wewe ndiye mwanafunzi bora!"

Watu wakalipuka kicheko. Nikakipokea. Nikafikiri ni kicheko cha kunipenda. Mzee mmoja akakohoa, akakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu anayetaka jambo, nikamwona ana kifua. Na Shani, binti yangu, akanyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha tena, akasimama kabisa.

"Baba!" akasema, na kwa kicheko kile nilimsikia mimi tu.

Mimi nilishamkataza kuniita baba shuleni. Shuleni mimi ni mwalimu. Na nikiangalia nikaona, ahaa, huyu anataka kuniharibia, huyu ni wa upande wa Lukas.

"Shani, sit down," nikamwambia kwa ukali.

"Lakini baba, huyo ni..."

"Sit down!"

Akakaa. Na yule mama akakaa naye, kwa sababu nilikuwa nimesema "sit down", akakaa chini palepale mbele ya ubao kwa utii mkubwa, na watu wakazidi kucheka wakawa wanashikana. Nikamshika mkono nikamwinua. Nimesema nikamshika mkono. Nirudie, mpate kulielewa vizuri, nilimshika mkono mama mzazi wa mke wangu mbele ya hadhara, nikamwinua, nikampiga mgongoni kibao kidogo cha pongezi.

"Turn around!" Akazunguka, kanga inapepea. "Jump!" Akaruka. "Jump!" Akaruka tena, juu zaidi, anacheka mpaka mapengo yote yanaonekana. Nikamuuliza polepole, kwa ishara za mikono, "What is your name?" (hata hilo nililifikia, la kumtaka ataje jina) na kwa bahati hakuelewa, akanijibu "Yellow!" kwa sababu ndilo neno alilofundishwa na mjukuu wake. Darasa zima likaanguka. Afisa elimu kata kapiga goti lake kwa kofi. Nikamtazama Lukas nione wivu usoni mwake, nikaona sura imembadilika, macho yamemtoka, ananitikisia kichwa, hapana, hapana. Nikafurahi. Nikajua sasa na yeye anakiona nilichokuwa nakiona mimi mwaka mzima.

"Na la mwisho," nikasema. "Touch your toes!"

Nikainama mimi, akainama yeye. Mikono yangu ikashika vidole vyangu vya miguu, ya kwake ikashika vya kwake, tumekaribiana vichwa, nami kwa mazoea macho yakaenda chini kunakoyazoea.

Dole gumba la kushoto halina ukucha.

Sijui niwaelezeje. Damu iliniondoka mwilini nikabaki nguo tu. Maneno ya mke wangu ya asubuhi, yale niliyoyaitikia bila kuyasikia, yakanijia yote kwa mara moja, safi kabisa: Mama amefika jana jioni, kafikia kwa mama mdogo, leo anakuja shuleni kumwangalia Shani, basi wewe ukae mbali naye. Nikainua uso. Naye akainua wake. Nikasema kwa sauti ile ya nyuma ya ukuta, sauti yangu halisi, siyo ya Kiingereza: "Shikamoo mama." Hapo akanijua. Akapiga ukelele mmoja mfupi, akavuta kanga ikafunika uso wote, akachutama.

Mwenye akili angesimama akaomba radhi. Mimi mila ilinishika miguu kabla ya akili, kwamba ukimwona mkwe unaondoka, tena haraka, na yeye alikuwa amechutama kati yangu na mlango. Lilikuwepo dirisha, dirisha la shule yetu, halina kioo wala nondo, lina kizingiti kifupi. Nikaruka.

Nyuma yangu nikasikia sauti themanini kwa furaha kuu: "Jump!"

Sharti, jamani. Anachofanya mwalimu nao wafanye hapohapo. Yule kijana aliwafundisha vizuri. Wakaanza kutoka dirishani mmoja baada ya mwingine, wawili wawili, darasa la pili na la tatu, wanaruka wanapiga kelele "Jump! Jump!", na wa mwisho hataki kuwa wa mwisho, na chini ya dirisha hilo ndipo wanawake walipokuwa wamepanga mafiga nje kidogo na kuteremsha sufuria la mchuzi wa kuku wa wageni. Mimi nililikosa. Mtoto wa tatu alilikosa. Wa nne hakulikosa. Hakuungua mtu, namshukuru Mungu, mchuzi ulikuwa umeshapoa, ila kuku wa afisa elimu kata waliishia kwenye mchanga wa Newala mbele ya macho yangu.

Mke wangu akanishika shati. "Baba Shani! Una nini?"

"Mama yako," nikasema.

"Kafanya nini?"

"Ameruka."

Akaachia shati. "Nilikwambia asubuhi," akasema. "Nikakuuliza, umenisikia lakini?"

Huko ndani nilichoambiwa baadaye ni kwamba watu walinyamaza kama msibani. Kila mtu mle alikuwa anajua, isipokuwa sisi wawili, maana mama naye alidhani mkwewe ameshampisha kama ilivyo desturi. Walicheka mwanzoni wakidhani tutashtuka upesi, na tulipozidi wakashindwa waseme nini. Aliyeokoa jahazi ni nani? Lukas. Mmakua na Mmakonde ni watani, na mtani anaruhusiwa kusema pale ambapo wengine hawathubutu. Alikwenda akamwinua mkwe wangu, akamtengenezea kanga yake, akageukia watu akasema, "Watani zangu Wamakonde, mnaona? Sisi kwetu Masasi mkwe tunamkimbia njiani, nyinyi mnamwita mbele kwanza mumfundishe, ndipo mkimbie! Haya, mama kafaulu, mpeni makofi, na huyo mkwewe aliyetoroka darasani tumwandike mtoro." Watu wakapata pa kucheka, mama akacheka ndani ya kanga, shughuli ikaendelea. Wageni walikula wali na maharage.

Hata kuokolewa kwangu, ndugu zangu, kulimwongezea sifa yeye.

Mnajua uamuzi ulikuwaje. Kiingereza chote cha watoto alipewa Lukas. Mimi nikapewa Hisabati na Michezo, na Mwalimu Mkuu alipolisoma hilo neno la pili, Michezo, alilisoma taratibu bila kucheka, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Mke wangu aliniambia kwao wanataka jambo limalizwe kimila, niombe radhi kwa jogoo na doti ya kanga, na mimi mwenyewe siwezi kuvipeleka, anatakiwa mtani avipeleke. Nani mtani wangu hapa shuleni? Nilikwenda kwake jioni nimeshika jogoo mabawa, nikasimama mlangoni kwake sijui nianze wapi. Akasema, "Shikamoo mwalimu," akampokea yule jogoo mkononi mwangu bila kuniuliza lolote.

Jumamosi akaenda Chilangala na pikipiki ya kukodi. Nilidhani atarudi baada ya saa moja. Alirudi jua linakuchwa, ana kifuko cha korosho alizokaangiwa, ananukia moshi wa jikoni kwa watu. Radhi ilikuwa imepokelewa. Akanieleza kwamba mama alimtandikia mkeka, wakala ugali wa muhogo pamoja, akamtaka amfundishe tena yale maneno yote tangu mwanzo, akaruka uani kwake mbele ya majirani, wakacheka mpaka wakashindwa kunywa maji. Alinieleza kwa nia njema tu, akitaka nitulie moyo.

Nimeapa, na naapa tena mbele yenu, sitamwita mtu mbele ya darasa mpaka nijue kwanza amemzaa nani. Kiingereza kimekwenda, nimekizoea, Hisabati haina kelele. Wivu wa somo umenitoka, nadhani. Uliobaki ni mwingine, na huu sikumwambia Lukas wala mke wangu. Yule kijana anaweza kwenda Chilangala siku yoyote akakaa kwenye mkeka ule, akamtazama mama yule usoni akicheka, na hakuna wa kumkataza. Mimi nimemwoa binti yake, nimezaa naye, na nitaendelea kutazama miguu ya mama huyo mpaka mmoja wetu azikwe. Sura yake nimeiona kwa dakika tano tu. Ni sura nzuri, Shani kaichukua yote. Na dakika zote tano alikuwa anacheka kwa sababu yangu, tena anacheka kwelikweli, mpaka alipojua kwamba ni mimi.